Chui wa Nani?

Hoja yenyewe mmeisikia, tena si mara moja. Kila inapofika habari ya mtoto aliyedhuriwa na mnyama wa kufungiwa, baraza zima linapata hukumu kabla kahawa haijapoa: mtoto ni wa mzazi wake, aliyezembea ni mama, mwenye bustani ya wanyama aachwe na riziki yake. Nimeisikiliza hoja hiyo kwa uangalifu, pengine kuliko inavyostahili. Ukiigusa mahali pamoja, watetezi wake huhamia pengine, na wanapohama hawaangalii kama walikohamia kunapatana na walikotoka. Kwa hiyo naichukua kipande kipande. Nyinyi wasomaji ndio mahakimu.

Kipande cha kwanza ndicho kinachobeba vingine vyote: mwangalizi wa mtoto ni mzazi, na mwenye bustani hawezi kumlea mtoto wa kila mgeni aliyekata tiketi. Kuna ukweli hapo, wala siukatai. Mzazi ana wajibu. Lakini watetezi hawaishii kwenye wajibu, wanasema mzazi peke yake, na ushahidi wao mkubwa ni Cincinnati, Marekani. Haya, tuufungue. Tarehe 28 Mei 2016 mtoto wa miaka mitatu alipenya kizuizi cha bustani ya wanyama ya mji huo akaangukia kwenye handaki la gorila. Dume la miaka 17 lililoitwa Harambe likapigwa risasi ili mtoto aokolewe, na mamia ya maelfu ya watu wakatia saini kutaka wazazi wachukuliwe hatua. Hadi hapo watetezi wanasimulia vizuri sana. Baada ya hapo wananyamaza, na kilichofuata ndicho chenye maana. Tarehe 6 Juni mwendesha mashtaka Joe Deters alitangaza kuwa mama hatashtakiwa: alikuwa na watoto wengine mkononi, huyu mmoja akamponyoka, na hakukuwa na uzembe wa jinai. Baadaye mwaka huohuo wakaguzi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambao ndio wanaosimamia bustani za wanyama huko, wakaeleza kwamba kizuizi kile hakikutimiza masharti. Kama kosa lote lilikuwa la mama, kwa nini kilichokutwa na kasoro kikawa uzio?

Nitawaongezea kesi iliyo ngumu zaidi kwa upande wangu, maana wao hawaitaji. Novemba 2012, huko Pittsburgh, mama mmoja alimnyanyua mwanawe wa miaka miwili juu ya ukingo wa jukwaa ili aone mbwa mwitu wa Afrika. Mtoto akamteleza, akaanguka ndani, akauawa. Mama alimnyanyua, hilo halina ubishi. Hata hivyo hakushtakiwa, na familia ilipofungua madai ilieleza kwamba wafanyakazi walikwisha kuwatahadharisha wakubwa wao kuhusu wazazi wanaonyanyua watoto palepale. Bustani kwanza ilimsukumia mama lawama, kisha shauri likamalizwa kwa maelewano. Mbwa mwitu nao wakahamishiwa kwingine. Mzazi kumnyanyua mtoto asiyefikia ukingo ni jambo analoliona bawabu kila siku tangu asubuhi hadi jioni. Anayejenga jukwaa huku akitegemea kwamba hakuna atakayenyanyua mtoto amejenga kwa ajili ya wageni ambao hawajazaliwa.

Na anayedhani kwamba mzazi anayewajua wanyama hapatwi na haya, aangalie Uganda. Mei 2018, katika hifadhi ya Queen Elizabeth, chui alimchukua mtoto wa miaka mitatu kwenye nyumba za wafanyakazi. Mama yake alikuwa askari wa wanyamapori wa hifadhi hiyohiyo. Siku ile mtoto alikuwa na yaya, akamfuata nje. Nyumba hazikuwa na uzio.

Tena, kwa hapa kwetu Unguja, hoja hii inamtaja mtu ambaye mara nyingi hayupo. Watoto wanaovuka kwa boti kutoka Forodhani kwenda kuwaona kobe wa Changuu, au wanaopelekwa Muungoni kuwaona nyoka wa Zala Park, wengi hufika kwa ziara ya skuli: darasa zima, walimu wawili watatu, na mzazi yuko Darajani anauza. Sikukuu ya Idi ni hivyohivyo. Nani asiyejua kwamba mtoto wa miaka kumi ndiye anayemshika mkono mdogo wake wa miaka minne, sikukuu mfukoni, kutoka Mnazi Mmoja hadi Kariakoo? Ndivyo tunavyolea, na mwenye biashara ya wanyama katika kisiwa hiki anajua kwamba ndivyo tunavyolea. Viingilio vya watoto hao anavipokea bila kumuulizia mama yao.

Kipande cha pili: mnyama mwenyewe amezoea watu, kalelewa tangu mdogo, hamdhuru mtu. Tuanze na mpole kuliko wote. Kobe wa Changuu wametokana na kobe wanne walioletwa mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Shelisheli, na dume lililokomaa hufikisha kilo 250. Simama pale dakika chache. Mtoto ameshika jani, kobe ananyoosha shingo, vidole na jani viko sawasawa mbele ya mdomo usio na meno lakini wenye makali ya pembe. Kobe anauma jani. Hana nia mbaya yoyote, hana tu hesabu ya wapi jani linaishia na kidole kinaanzia. Mwingine ameshapanda mgongoni, juu ya tarakimu za umri zilizoandikwa kwa rangi kwenye gamba, ili apigwe picha, na shingo ikirudi ndani ghafla, kilichopo kati ya shingo na gamba kinabanwa. Huyo ndiye mnyama mpole. Kisiwa hiki sasa kina hata duma, kule Kama, na duma naye tunaambiwa ni mpole.

Kuhusu upole huo, mahakama za Uingereza, ambazo sheria zetu zimerithi mengi kutoka kwazo, zilikwisha kuamua. Katika shauri la Behrens dhidi ya sarakasi ya Bertram Mills, lililoamuliwa mwaka 1957, tembo wa sarakasi aitwaye Bullu, aliyefunzwa na mtulivu, alishtushwa na kijibwa kilichombwekea (kijibwa chenyewe, amini usiamini, kikiitwa Simba) akaangusha kibanda na kumjeruhi aliyekuwa ndani. Mwenye sarakasi alijitetea kwamba tembo wake ni mpole na kwamba mbwa aliletwa na upande wa walalamikaji, kinyume cha masharti. Jaji Devlin akaukataa utetezi wote. Tembo ni katika jinsi ya wanyama wa hatari, na anayemweka anabeba anayoyafanya, hata kama mwenyewe hakuzembea. Upole wa huyu mmoja hauingii kwenye hesabu.

Kipande cha tatu ni kibao: tumeandika, kaa mbali, unaingia kwa hatari yako. Kwanza, mtoto wa miaka minne hasomi, na kama ni Kiingereza basi hata bibi aliyemleta hasomi. Pili, kibao ni ushahidi dhidi ya aliyekiweka, kwa kuwa kinathibitisha kwamba hatari aliijua. Tatu, kipande hiki kinakula kipande cha pili. Mnyama kama ni mpole, kibao cha nini? Kama ni wa hatari, kwa nini picha za matangazo zinamwonyesha mtoto amemkumbatia? Katika shauri la mji wa Glasgow, lililoripotiwa mwaka 1922, mtoto wa miaka saba alikuwa amekula matunda ya sumu yaliyokuwa yakining'inia katika bustani ya umma, akafa. Mabwana wa Bunge la Uingereza waliokuwa wakihukumu hawakumuuliza baba yake alikuwa wapi. Waliona kwamba kitu kinachomvutia mtoto, kikiachwa pale watoto wanaporuhusiwa kufika, bila uzio na bila onyo analoweza kulielewa, ni mtego. Kobe mwenye kilo 250 anavutia kuliko tunda.

Kipande cha nne kinaletwa kwa sauti ya chini na kwa heshima, kwa hiyo nami nakipokea kwa heshima. Wanasema dini imekwisha kulimaliza suala hili, kwani imepokewa kwamba jeraha la mnyama halina dhamana. Ni kweli imepokewa. Lakini mafakihi hawakuisoma peke yake. Imepokewa pia hukumu katika kisa cha ngamia wa Baraa bin Azib aliyeingia bustani ya watu akaiharibu: wenye mabustani walinde mchana, wenye wanyama walinde usiku, na kilichoharibiwa usiku ni juu ya wenye wanyama. Na madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa, yanamdhaminisha aliye pamoja na mnyama kwa alichokiharibu mnyama huyo mkononi mwake. Kisichokuwa na dhamana ni mnyama aliyeponyoka pasipo uzembe wa mtu. Mnyama aliyefungiwa makusudi, akalishwa, akatangazwa, akakatiwa tiketi, hakuponyoka popote. Anayetaka kutumia nusu ya fikihi aseme kwamba ametumia nusu.

Kisha kuna wanaosema kwamba kumwandama mwenye mnyama ni desturi ya Wazungu wapenda kesi, sisi hatukuzoea. Hapa nakiri nilitabasamu. Walipochunguza habari za chui wa Unguja, watafiti Martin Walsh na Helle Goldman walikuta imani iliyoenea mashamba kwamba baadhi ya chui wana wenyewe: hufugwa kwa siri na wachawi, hutumwa, hurudi kwa bwana wao. Chui akiua mbuzi au akimdhuru mtoto, kijiji hakikuanza kwa kumhoji mama. Kiliuliza, chui wa nani? Baada ya Mapinduzi, katika miaka ya 1960, ikaendeshwa hata kampeni, ikiongozwa na mganga aitwaye Kitanzi, ya kuwasaka chui pamoja na waliotuhumiwa kuwafuga. Tuhuma za uchawi si ushahidi, na chui wenyewe leo wanahesabiwa kuwa wametoweka. Ninachokionyesha ni mpangilio wa maswali. Wazee wa Unguja, hata walipokosea kuhusu nani anafuga chui, hawakukosea kuhusu nani aulizwe kwanza. Sasa tuna mfugaji mwenye leseni, lango na kitabu cha risiti, asiyehitaji mganga wa kumfichua, ndipo tunapogeuka kumuuliza mama.

Hoja kwamba hapa ajali kama hizo hazijawahi kutokea, sitaipotezea muda. Eneo la gorila la Cincinnati lilifunguliwa mwaka 1978, na kwa miaka 38 nao walikuwa na haki ya kusema hivyohivyo.

Kinabaki kipande cha mwisho, ambacho nadhani ndicho kilichokuwa nyuma ya vyote tangu mwanzo: gharama. Tukidai uzio, wanasema, tutaua utalii, mgeni hataki kutazama wanyama kupitia nondo, na mwenye bustani ndogo atafunga. Wangeanza na hili tungeokoa muda, maana lina jibu la vipimo. Kizuizi cha zamani cha Cincinnati kilikuwa na urefu wa kama sentimita 91. Eneo lilifunguliwa tena tarehe 7 Juni 2016, siku kumi baada ya ajali, likiwa na kizuizi kipya cha kama sentimita 107, mbao ngumu juu na chini, na katikati wavu wa kamba ambao mtoto hapenyi. Wageni waliendelea kuingia. Sentimita kama kumi na sita na wavu: hicho ndicho ambacho, kwa hoja ya wenzetu, mwenye bustani hawezi kubebeshwa, lakini mama mwenye watoto wanne anaweza kukiziba kwa macho.