PARACHICHI LINA DARI, MFANYA KAZI HANA

Ndugu wanachama,

Leo twataka kusema habari ya joto. Msicheke. Joto ni habari ya mshahara, na ni habari ya roho za watu.

Kila mwaka maparachichi ya Murang'a na kwingineko barani huteremka hapa Mombasa yapande meli kwenda Ulaya. Tunda hili halisafiri hivi hivi. Hukaa ndani ya kontena la baridi, digrii 5 au 6, na nje jua la Kilindini lawaka. Mashine ya kontena ndiyo iletayo baridi, lakini mashine peke yake ingeshindwa. Ukuta wa kontena lile ni mabati mawili, na katikati pamejazwa povu gumu. Povu hilo ni vipovu vidogo vidogo visivyohesabika, kila kimoja kimefunga gesi ndani yake, na joto hupita hapo kwa shida kubwa.

Sasa, ndugu, tokeni kwenye kontena mwingie katika landhi ya mfanya kazi. Juu ni bati moja jembamba. Chini ya bati ni kichwa cha mtu. Katikati hapana kitu! Miezi ya Februari na Machi, bati lililoshika kutu laweza kupita digrii 60 juani, na moto wake wote hushuka kitandani.

Yuko mwenzetu afanyaye kazi usiku. Hurudi saa moja asubuhi alale. Ikifika saa nne bati limekwisha pata moto, naye hutoka nje na mkeka wake kutafuta kivuli cha mwembe, watoto wacheza, redio zalia. Jioni hurudi kazini hakulala, na maisha ya watu yamo mkononi mwake. Siku akisinzia huandikiwa barua: "Umelala kazini." Hakuna aulizaye: "Mchana ulilala wapi?"

Tulipouliza habari hii tulijibiwa ati vitu hivyo ni vya nchi za baridi. Ni kweli kwamba huko ndiko vilikozoewa. Mjerumani Otto Bayer na wenzake waligundua asili ya povu hili, poliurethani, mwaka 1937. Siku hizi katika nchi za theluji fundi huja na bomba lenye dawa mbili. Zikikutana mdomoni mwa bomba hurushwa ukutani, huvimba mara 30 au zaidi, na kwa muda mfupi hukauka zikashika kama mwamba. Nyumba yao haipotezi moto wa jiko.

Lakini jibu lile ni la mtu asiyetaka kufikiri. Kila mke wetu ana thamosi. Akitia chai, hukaa moto. Akitia maji ya barafu, hukaa baridi. Je, thamosi huuliza kwanza kama iko Ulaya au Changamwe? Kizuiacho joto kutoka ndicho kizuiacho joto kuingia.

Tena reli yetu yenyewe ina baridi yake. Reli ya zamani inatoka hapa baharini, inapanda hadi Timboroa, futi 9,000 juu ya bahari. Mtu wa pwani akihamishiwa huko hujua maana ya usiku. Bati linalotuchoma sisi mchana ndilo linalowagandisha wenzetu usiku. Basi neno hili si la Mombasa tu.

Wala si neno geni kwetu. Wazee wa pwani walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na dari za boriti. Maskini aliezeka makuti, na ndani ya makuti mna hewa iliyotulia, kazi ile ile ya povu. Hawakusoma katika chuo chochote, lakini walilala. Sisi tumeondolewa makuti tukapewa bati, tukaambiwa ni maendeleo.

Ndugu, haki hii haikuanza leo. Wafanya kazi wa Mombasa walipogoma mwaka 1939, tume iliyoundwa kuchunguza mambo yao ilikuta habari ya nyumba na kodi iko mbele. Januari 1947 waligoma tena, watu wapata 15,000, bandari na reli pamoja. Leo sheria ya kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka tajiri ampe mfanya kazi nyumba ya kufaa, au fedha za kutosha za kupangia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, nayo yataja nyumba ya kutosha kuwa haki ya kila mtu. Na tangu sheria ya nyumba ya mwaka 2024, katika kila shilingi 100 za mshahara twakatwa shilingi moja na senti 50, na tajiri hutoa kiasi kile kile. Fedha zetu zinajenga. Basi tuna haki ya kuuliza: Je, nyumba hizo zina dari?

Lakini tusipumbazwe. Hatutaki kuponywa joto kwa kuuawa kwa sumu. Twakumbuka asbesto. Ilisifiwa sana, ikafungwa kwenye maboila, ikaezekwa juu ya nyumba, kisha vumbi lake likajulikana kuwa laleta saratani ya mapafu. Povu hili nalo lina hatari zake. Moja ya dawa zake, iitwayo aisosianeti, huwatia pumu mafundi wanaoivuta bila kinga. Likiwa wazi hushika moto, na moshi wake ni sumu. Mwaka 2017 jumba la Grenfell huko London liliungua wakafa watu 72. Mbao za nje zenye plastiki ndizo hasa zilizoeneza moto, na povu lililokuwa nyuma yake likachangia.

Kwa hiyo twasema wazi tunachotaka:

1. Kila nyumba ya mfanya kazi iwe na dari chini ya bati, na tundu za kutoa hewa ya moto.

2. Mabati yapakwe rangi nyeupe, maana nyeupe hurudisha jua. Hii si gharama ya kumfilisi tajiri, na yaweza kuanza mwezi huu.

3. Pale povu litakapotiwa, litiwe na mafundi waliofunzwa, wenye vifaa vya kuvutia hewa safi na nguo za kinga. Wenye nyumba wakae nje mpaka limekauka na hewa imesafika. Kisha lifunikwe kwa ubao usioshika moto upesi.

4. Povu liwe la paa. Madirisha yabaki, upepo wa kusi na wa kaskazi upite. Nyumba ya pwani isiyo na upepo ni tanuri, hata ukiijaza povu.

5. Wafanyao kazi usiku watengenezewe nyumba zao kwanza.

Tajiri atasema hana fedha. Mwambieni ukuta wa kontena umelipiwa, kwa kuwa parachichi likioza mwenye mali hupata hasara. Mfanya kazi akioza, hasara ni ya mkewe na watoto. Tofauti ni hiyo tu, na Chama kimewekwa ili kuiondoa.

Basi, ndugu, njoni kwenye mkutano wa tawi. Kila mtu aje na habari ya nyumba yake: bati lina miaka mingapi, dari iko au haiko, watoto hulala wapi mchana. Karani wa tawi ataandika yote, na orodha hiyo tutaipeleka mezani. Mmoja akilalamika huitwa mvivu. Tukisema wote, tajiri itambidi asikilize.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu,
Wafanya kazi wa reli, Changamwe