Kitambaa Hakizuii Mvuke

Msimu wa kupulizia mikorosho uwadiapo huko Lionja, wilayani Nachingwea, na kwa majirani wa Ruangwa, wakulima hupambana na ubwiriunga kwa salfa ya unga na kwa dawa za maji. Wapo wanaojifunga kitambaa usoni wakidhani wamekingika. La hasha!

Kitambaa hupunguza vumbi kidogo tu. Mvuke wa viyeyushi vilivyomo katika baadhi ya dawa za maji hukipenya, na hata barakoa ya vumbi haiushindi. Huunaswa na kichujio chenye mkaa maalumu, nacho kina kikomo: mkaa ukishajaa, mvuke hupita. Tusingoje harufu, kwani pua huzoea. Kibadilishwe kwa ratiba. Ndugu zetu visiwani wapakao rangi vyombo na samani nao wazingatie hayo.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Je, mkulima mdogo asiye na mwajiri atapewa na nani? Tunawasihi wahusika: pale dawa inapogawiwa, na vichujio vigawiwe, pamoja na mafunzo. Kuokoa korosho huku tukipoteza mapafu ya mkulima si maendeleo.