Pennsylvania: Udongo anaoutaka mkulima ndio anaoutaka mjenzi

Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, mkulima anaweza kuuza haki ya kujenga kwenye shamba lake na shamba likabaki lake. Analipwa na anaendelea kulima, lakini ardhi hiyo haitageuzwa mtaa wa nyumba, hata akija kuiuza au kuirithisha.

Mpango huo wa mwaka 1988 ni wa hiari, ila kujitokeza tu hakutoshi. Swali linakuja mapema: udongo wako ukoje?

Jibu halitokani na maneno ya mwenye shamba. Linatoka kwenye ramani za udongo za serikali kuu, zinazogawa ardhi katika madaraja 8. Daraja la 1 hulimwa bila shida kubwa. La 8 halifai kwa kilimo. Kinachoangaliwa ni mteremko, kina cha udongo, mawe, jinsi maji yanavyopita na hatari ya mmomonyoko. Ili shamba likubalike, angalau nusu ya udongo wake iwe daraja la 1 hadi la 4. Kwa kawaida linatakiwa pia lifike ekari 50.

Likivuka hapo, linapewa alama na kushindanishwa na mengine, maana pesa haziwatoshi wote. Mbali na udongo, huangaliwa kasi ya ujenzi eneo hilo na kama jirani kuna mashamba yaliyokwisha kulindwa.

Hapo ndipo penye kazi. Ardhi tambarare, yenye kina na isiyotuamisha maji huzaa mahindi vizuri, lakini pia ni rahisi kuijengea. Mpango hulipa si zaidi ya tofauti kati ya bei ya soko na thamani ya ardhi kwa kilimo. Mjenzi yeye anakuja na bei nzima.

Kuna na upande wa pili. Mfugaji mwenye shamba la vilima na mawe anaweza kukosa alama hata kama anataka kulilinda. Akiuza, nyumba zinafika mpakani kwa jirani aliyelindwa, na malalamiko ya harufu ya samadi yanaanza.

Kwa hiyo udongo mzuri peke yake hauokoi kilimo. Shamba moja lililozungukwa na nyumba, hata likiwa la daraja la 1, litakuwa gumu kulimwa.