Pikipiki ya Kwanza: Tusidanganywe na Rangi



Neno bodaboda lilizaliwa mpakani kwetu, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha abiria. Leo ni pikipiki, na kijana anayemaliza shule, awe Busia au Tororo, mara nyingi huifikiria kazi hiyo kwanza. Familia huuza ng'ombe, ikanunua pikipiki iliyotumika, na aghalabu huchagua ile inayong'aa.

Sisi tunasema rangi iwe ya mwisho. Kwanza karatasi. Namba ya fremu, iliyogongwa karibu na usukani, na namba ya injini zilingane na zile za logibuku. Zikiwa zimesagwa, tuondoke. Pikipiki ya Uganda haiwi ya Kenya kwa kuvushwa tu, wala ya Kenya haiwi ya Uganda: kuna ushuru na usajili. Ya bei rahisi isiyo na karatasi yaweza kuishia kituo cha polisi, na ng'ombe keshauzwa.

Pili, fremu. Ikiwa imechomelewa shingoni, huenda ilianguka vibaya. Tuiguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa na joto, pengine muuzaji ameipasha mapema ili iwake upesi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua.

Tatu, twende na fundi wetu, si wa muuzaji. Na pesa zibaki za helmeti, mafunzo na leseni. Anayejifunza leo asibebe abiria leo. Pikipiki ina spea, mtoto hana.