MIZANI IKIKWAMA BAADA YA UPASUAJI, USIKIMBILIE KUFUNGA KAVU



Leo naongea na watu ambao kanisani huwa hatuwataji. Wewe uliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Pengine umeambia watu wa nyumba tu, hata mama mkwe hajui. Kilo zilishuka, nguo ukabadilisha mara tatu, halafu mizani ikasimama. Wiki ya pili, ya tano, ya nane, namba ni ile ile. Ndipo mnaniandikia usiku: "Pastor, nimemkosea Mungu wapi? Nifunge siku ngapi ili hii kitu isonge?"

Nitajibu hapa mbele ya wote, kwa sababu anayeuliza hivyo hayuko peke yake.

Jibu langu ni hili: hujamkosea Mungu, na usifunge kavu kwa sababu ya mizani.

Tuanze na mwili. Katika ule upasuaji wa kukata mfuko wa chakula, daktari huondoa kama asilimia 75 hadi 80 ya mfuko huo. Njaa hupungua, unashiba kwa vijiko vichache, na uzito unashuka kwa kasi. Lakini mwili wenye kilo 90 hautumii nguvu nyingi kama ule wa kilo 120. Kila kilo inayotoka, matumizi yanapungua. Tena mwili ukiona unapungua haraka, unaanza kubana matumizi kama mama wa nyumba anayeona unga unaisha na mwisho wa mwezi bado uko mbali. Siku moja kinachoingia na kinachotumika vinalingana. Hapo ndipo mizani inakwama.

Kwa wengine hutokea wiki chache tu baada ya upasuaji, kwa wengine miezi mitatu au sita. Kisha kati ya mwaka 1 na miaka 2, kwa watu wengi kupungua hufika mwisho wake na mwili hutulia. Madaktari wanalijua jambo hili. Mtu akikwama, hiyo peke yake haimaanishi kwamba upasuaji umeharibika au kwamba kuna mlango umemfungulia adui.

Sasa kuhusu kufunga. Mimi ni mhubiri wa kufunga. Mnanijua, Januari hapa huwa hatuchezi. Lakini nisikilize vizuri.

Mtu mwenye tumbo la kawaida akifunga mchana, jioni anakula sahani ya ugali, sukuma na nyama, anakunywa maji lita moja, anarudisha alichopoteza. Wewe huwezi. Daktari wako anataka ule protini, wengi huelekeza angalau gramu 60 kwa siku, na yai moja lina kama gramu 6 tu. Maji unakunywa kidogo kidogo, tena mbali na chakula. Hesabu hiyo inahitaji siku nzima. Ukifunga kavu hadi jioni, saa chache zilizobaki haziwezi kubeba mzigo wa siku. Unachopoteza hapo ni maji na misuli, na misuli ndiyo inayochoma nguvu hata ukiwa umekaa. Kwa hiyo mfungo uliofanya ili mizani isonge unaweza kuifanya ikwame zaidi.

Na kuna jambo la hatari kuliko kilo. Watu waliopasuliwa hivi huhitaji vitamini na madini maisha yao yote: B12, chuma, kalsiamu, vitamini D, kama kliniki ilivyoelekeza. Wako wanaoziacha wakisema wanaishi kwa imani. Mpendwa, ukiwa unatapika kila mara, au miguu inakufa ganzi, au unaona kizunguzungu na kuchanganyikiwa, usingoje kesha la Ijumaa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Tutakuombea ukiwa njiani.

Someni 1 Wafalme 19. Elia amechoka, amelala chini ya mti, anaomba afe. Malaika alipokuja hakumuuliza amefunga siku ngapi. Alimwamsha ale mkate na anywe maji, tena mara mbili, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Zile siku 40 za kwenda Horebu zilikuja baada ya chakula. Mungu anajua mwili unahitaji nini.

Halafu someni Hesabu 9. Wingu likisimama juu ya hema, Israeli walipiga kambi. Lilisimama siku mbili, au mwezi, au hata mwaka. Hawakusonga, lakini mana iliendelea kushuka na waliendelea kuokota kila asubuhi. Kambi ilikuwa sehemu ya safari. Wewe pia, mizani ikisimama, okota mana yako: mayai, omena, ndengu, maziwa lala bila sukari. Tembea. Beba vitu vizito kidogo, kama daktari amekuruhusu, misuli ibaki. Lala usingizi wa kutosha.

Najua kuna mtu atasema, "Pastor unawapa watu ruhusa ya uzembe." Hapana. Jichunguze kwa ukweli. Tumbo dogo linazuia ugali mwingi, lakini haliwezi kuzuia chai ya sukari mara tano kwa siku, soda, juisi, na biskuti za kumumunya kidogo kidogo mbele ya televisheni. Hivyo vinapita bila kushibisha. Andika kwa wiki mbili kila kitu kinachoingia mdomoni, kisha peleka daftari hilo kliniki. Wengi huacha kwenda kliniki hapo hapo mizani inapokwama, kwa aibu, na huo ndio wakati kliniki inafaa zaidi. Ukitaka kumtolea Mungu kitu, funga simu, funga umbea, funga sukari kwenye chai. Hiyo ni sadaka ambayo mwili wako unaweza kubeba.

Mwingine atasema upasuaji wenyewe ni kukosa imani. Luka alikuwa tabibu na Paulo alimwita mpendwa. Imetosha.

Sasa kanisa, na ninyi mnisikilize. Tunapenda ushuhuda wenye kilo 40 zilizotoka. Tunapiga vigelegele. Lakini dada huyo huyo akikaa miezi minne bila kupungua, tunaanza: "Mbona umeachia hapo?" "Si ulitumia pesa nyingi?" Na akikonda haraka tunanong'ona kwamba ana ugonjwa. Mwili wa mtu si tangazo la ibada. Kama presha imeshuka, kama dawa za sukari zimepunguzwa, kama anapanda ngazi za kanisa bila kupumzika katikati, huo ni ushuhuda hata kama mizani haijasonga mwezi mzima. Mpe nafasi ya kuusema.

Na viongozi wenzangu, tunapotangaza mfungo, tutamke wazi kwenye madhabahu: walio kwenye matibabu, wajawazito, waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, ongeeni na daktari kwanza, na msiogope kula. Tukinyamaza, kuna mtu atafunga kwa kuogopa macho yetu, na akizimia sisi ndio tutakuwa tumemsukuma.

Wewe uliyekwama, wingu litainuka kwa wakati wake. Hata likibaki hapo, kama mwili wako umefika mahali pake pa kutulia, Mungu yuko kambini pia. Kesho asubuhi usianze na mizani. Anza na maombi, kifungua kinywa, na vitamini zako.

Kama neno hili ni lako, andika AMINA. Kama hutaki watu wajue, usiandike chochote, nitakuombea hivyo hivyo.

Mbarikiwe.