Mwalimu wa delta asailiwe akifundisha

SAFU: SAUTI YA MWAMBAO
Na Zuhura Mbonde

Mpaka mwaka 2023 kijana aliyemaliza ualimu alingoja kitu kimoja: orodha ya TAMISEMI. Majina yakitoka, analitafuta lake, anasoma kituo alichopangiwa, anafunga mizigo. Mwaka 2024 mambo yakabadilika. Mwezi Julai zilitangazwa nafasi 11,015 za walimu kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na walimu wakaambiwa watapita kwenye usaili kama watumishi wengine. Usaili wenyewe ukafanyika Januari na Februari 2025, mkoa kwa mkoa. Walioomba walizidi 200,000. Nafasi, hata baada ya kuongezwa, hazikufika 15,000.

Siupingi usaili. Orodha ya zamani ilikuwa na manung'uniko yake, na waliohitimu tangu 2015 wakaona wadogo zao wakiitwa huku wao wakiendelea kungoja wanajua uchungu wake. Kusogeza usaili mikoani nako kulikuwa nafuu kubwa. Ninachotaka kusema leo ni kwamba tunampima mwalimu kwa kila kitu isipokuwa kufundisha, na watu wanaoumia zaidi kwa hilo wako hapa kwetu, ndani ya delta ya Rufiji.

Tuanze na maandalizi. Kwa kijana wa Kibiti mjini, kujiandaa ni kusoma. Kwa kijana wa Maparoni, Kiongoroni au Mbwera, kusoma huja mwishoni, baada ya mengine yote kukamilika. Lazima awe na namba ya NIDA ndipo afungue akaunti ya Ajira Portal. Nakala za vyeti zithibitishwe na mwanasheria, na wanasheria hawakai kwenye mikoko. Namba ya usaili anatakiwa ainakili mwenyewe kutoka kwenye akaunti yake, kwa kuwa mlangoni haitolewi. Akiwa mahali ambapo mtandao unapatikana kwa kusimama ufukweni na kuinua simu juu, hilo peke yake ni kazi ya siku nzima. Siku ya usaili hataruhusiwa kuonyesha hati ya matokeo badala ya cheti halisi, na nauli, chakula na malazi ni juu yake.

Kisha safari. Boti za delta zinafuata maji. Yakipwa, vijito vinabaki tope na abiria wanakaa wakisubiri yajae, hata kama mmoja wao ana mtihani kesho asubuhi. Akifika Nyamisati atafute gari au bodaboda mpaka Bungu, ashike barabara ya Kilwa hadi Mbagala, na kama kituo chake kiko Kibaha, makao makuu ya mkoa wetu, alikatize jiji la Dar es Salaam zima ndipo afike. Anayetaka kuingia chumbani saa moja asubuhi akiwa na akili iliyotulia inabidi aondoke nyumbani siku mbili kabla. Na tusisahau kwamba mwaka ule wa tangazo ndio ulikuwa mwaka wa mafuriko. Aprili 2024 mashamba ya Rufiji na Kibiti yalikuwa chini ya maji. Nauli ya msailiwa wa huku hutoka kwenye mpunga na samaki wa wazazi wake, na mpunga ulikuwa umekwenda.

Kuna jambo jingine dogo linaloangusha watu: majina. Cheti cha kuzaliwa kina jina la baba, cha darasa la saba kina jina la babu aliyemlea, cha chuo kimeongeza herufi. Kurekebisha kunahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hiyo haipatikani kwa wiki moja. Nawaomba wazazi na walimu wakuu wa delta waliangalie hili mapema, mtoto akiwa bado shuleni.

Nilikutana na binti mmoja gatini Nyamisati, akingoja boti ya kurudi shuleni anakojitolea. Alikuwa na daftari limejaa maelezo: Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 toleo la 2023, mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024, maadili ya utumishi wa umma, aina za upimaji. Amevisoma vyote hasa. Tulipomaliza kusalimiana akaniuliza, "Mama, wakiniuliza uzoefu nitasemaje, na mimi sijawahi kuajiriwa?"

Nikamuuliza anafundisha nini. Akanieleza kwamba ana madarasa mawili ndani ya chumba kimoja, ubao mmoja ameugawa kwa mstari wa chaki. Msimu wa mpunga ukifika wanafunzi hupungua, maana familia huhamia mashambani na watoto hupanda kwenye madungu kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Yeye huandika mazoezi kwenye karatasi na kuyatuma kwa ndugu wanaopeleka chakula shambani, na wanaorudi huwapa saa za jioni ili wasiachwe na wenzao kwenye kusoma na kuhesabu. Analipwa kwa michango ya wazazi, inapopatikana.

Alinieleza hayo yote bila kujua kwamba ameshanijibu. Nikamwambia, "Mwanangu, hayo ndiyo uzoefu. Yaseme hivyohivyo ulivyoniambia mimi." Lakini nilibaki na wasiwasi, kwa sababu mtihani wa mchujo unaotangulia mahojiano haumuulizi hayo. Asipopata alama za kuvuka, hakuna atakayemsikiliza.

Dereva anayeomba kazi serikalini hupewa gari aendeshe. Anayeomba kazi ya kuchapa huketishwa mbele ya kompyuta. Mwalimu naye apewe chaki. Najua jibu litakalotolewa: huwezi kuwatazama watu 200,000 wakifundisha. Ni kweli, lakini baada ya mchujo wanabaki wachache, na hao tayari wanakaa mbele ya jopo kwa mahojiano. Robo saa ya somo kwa kila mmoja, na andalio la somo mkononi, ingelionyesha jopo mambo ambayo maswali ya mdomo hayaonyeshi: anavyouliza swali, anavyomsubiri mtoto mzito, anavyofanya pale mfano wake wa kwanza usipoeleweka.

Nchi hii iliwahi kuwapima walimu darasani. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 na uamuzi wa kuwapeleka watoto wote shuleni ifikapo 1977, vyuo havikutosha. Makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza elimu ya msingi walifundishwa ualimu wakiwa vijijini mwao, wakishika darasa na kusoma kwa posta na redio, huku wakufunzi wakiwatembelea. Walimu hao wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, walilaumiwa sana kwa upungufu wao wa masomo, na lawama nyingine zilikuwa za haki. Ila walipimwa wakiwa darasani, tena katika vijiji walivyovijua.

Hapo ndipo penye shida yetu. Anayepangiwa Msala au Kiongoroni akitokea mjini, asiyezoea boti wala mbu, anaanza kuulizia uhamisho kabla hajajua majina ya wanafunzi. Simlaumu. Lakini kijana aliyekwisha kufundisha huko kwa hiari yake amejibu tayari swali ambalo halmashauri inalihitaji kuliko yote: je, atabaki? Suala la wanaojitolea limesemwa sana bungeni. Sasa kujitolea huko kupewe alama zinazohesabika kwenye usaili. Kuna hofu ya barua za kughushi na za kupeana kindugu, na ni hofu ya kweli. Kwa hiyo barua ya mwalimu mkuu pekee isitoshe. Yakaguliwe maandalio ya masomo, madaftari ya wanafunzi yaliyosahihishwa na kumbukumbu za wathibiti ubora waliopita shuleni. Na nafasi za shule za delta zitangazwe kwa majina ya shule zenyewe, ili anayeziomba awe anajua anakokwenda.

Kwa mnaojiandaa na awamu ijayo: anzeni kutunza ushahidi huo leo. Andalio la kila somo liwekwe tarehe, azimio la kazi lisainiwe, mwalimu mkuu aandike barua inayosema mwaka, darasa na somo. Mkiulizwa mtafanyaje darasa likizidi madawati, acheni jibu la kitabuni, elezeni mlichofanya mwezi uliopita. Someni sera na mtaala, maana mchujo hauna huruma. Na Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti, kabla tangazo jingine halijatoka, iiombe Sekretarieti kituo kimoja cha usaili Kibiti mjini. Shule zenye vyumba vya kutosha tunazo, na binti niliyekutana naye Nyamisati angelala usiku mmoja njiani badala ya siku mbili.