Sinema si luksi: Bunia inataka fasi ya kukaa pamoja

Vijana wenzetu wa Bunia,

Kila mara tukisema hii muji inahitaji nyumba ya sinema, kuko mutu wa kutucheka. "Watu wanakufa Djugu, ninyi munataka filimu?" Tumeisikia kwa wakubwa, kwa wazazi, hata kwa wenzetu tunaotembea nao kwenye manifestation. Leo tunajibu.

Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iko chini ya état de siège. Walituambia siku 30, kisha wakaanza kuongeza 15 kwa 15 mpaka tukaacha kuhesabu. Katika hiyo miaka yote, kijana wa Mudzipela na kijana wa Nyakasanza wanakutana wapi? Kanisa, kila mutu na yake. Nganda, kama uko na franga. Vijana wakikutana kumi barabarani, polisi inauliza muko na mupango gani. Tuko na diplome kwenye kabati na siku nzima ya kupitisha, na wenye bunduki wanajua vizuri fasi ya kututafuta. Wanaosema sinema haihusu usalama watuambie kwanza bunduki peke yake imetuletea nini.

Mubeleji hakuona sinema kuwa mchezo. Mwaka 1945 aliweka sheria ya kuchagua filimu gani mutu mweusi anaweza kuona. Mapadri nao wakatutengenezea Matamata na Pilipili, tucheke huku tukifundishwa kuwa watulivu. Aliogopa watu wengi mweusi kukaa gizani pamoja na kufikiri. Tukapata uhuru, halafu nyumba za sinema za Kinshasa zikageuka makanisa moja kwa moja. Hatuna chuki na kanisa (wengi wetu tunaimba korali), lakini kanisa halikuitisha Muhema, Mulendu, Mualuri na Munande wacheke kwa filimu moja bila kuulizana kabila.

Na wenzetu wanapigana. Zanzibar, sinema Majestic ilijengwa 1955 pahali pa ile ya zamani iliyoungua. Ikaachwa mpaka paa likaanguka. Shirika Hifadhi Zanzibar halikusema ibomolewe, linapigania irudi kuwa nyumba ya sinema na utamaduni. Goma, na vita iko pembeni, Yole!Africa ilionyesha filimu na kufundisha vijana kushika kamera.

Lakini hadithi inayotuuma ni ya Sudan. Filimu Talking About Trees, iliyotoka 2019, inafuata wazee wane, watengenezaji wa filimu, wanaotaka kufungua tena sinema moja ya zamani pale Omdurman. Wanafagia. Wanauliza watu wa kartye wanataka kuona filimu gani. Kisha wanaomba ruhusa: ofisi hii inawatuma ile, ile inawarudisha hii, na ruhusa haitoki. Mutu yeyote aliyetafuta sinyatire katika hii muji atawatambua wale wazee kama baba zake.

Hatuombi ghorofa ya vioo yenye viti vya ngozi, tiketi ya dolari kumi. Tunataka ukuta mweupe, paa lisilovuja, jenereta (tunajua courant ya kwetu), mlango usio na ngazi mtu wa kiti cha magurudumu apite, na bei ambayo mama wa kambi ya Kigonze anaweza kulipia watoto wake. Saa ya kuanza iwe mapema, kila mutu arudi nyumbani na mwangaza.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Meya atangaze orodha ya nyumba na parselle za Leta zilizo wazi ndani ya Bunia, pamoja na zile zilizouzwa, na jina la aliyenunua. Na gavana atuandikie, kwa karatasi, kwamba kuangalia filimu pamoja si mkutano wa siasa. Kama anaona ni siasa, aandike hivyo pia na atie sahihi. Kufagia, tutafagia wenyewe.